Milioni Moja na Tatu

Kadi yangu ya kliniki, Bugando, ina namba:
moja, masufuri matano, tatu.
Karani aliigonga muhuri bila kuniangalia.
Nikaitia ndani ya daftari la kaunta,
kati ya ukurasa wa ndoo na ukurasa wa madeni,
nikashuka mlima kwa miguu hadi Kirumba.

Mimi ndiye naandika hesabu za dagaa mwaloni.
Mwezi ukijaa, mitumbwi hailali majini:
dagaa hawaifuati taa mbingu nayo ikiwa imewasha yake.
Vichanja vitupu, kunguru wamenuna,
nami nina usiku saba usio na cha kuhesabu.

Basi nikaichukua namba ile.
Nilisoma hadi kidato cha pili. Nakumbuka
mwalimu Lushinge akiandika ubaoni NAMBA TASA
na darasa zima likicheka.
Mimi pia nilicheka.

Tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.
Msijaribu kila kitu, alisema, jaribuni tasa wenzake,
mkifika kwenye kipeuo cha pili, acheni.
Kipeuo cha hii ni elfu na nukta kidogo.
Chini ya elfu, tasa ni mia moja sitini na nane.
Ishirini na nne kila usiku, mara saba:
mwezi ulikuwa umenipangia kazi.

Mbili ilikataa papo hapo. Tatu ikabakiza moja.
Saba ikabakiza nne.
Kumi na moja, nne.
Kumi na tatu, nne.
Nikadhani nimekosea, nikarudia kwa penseli.
Nne.

Kule Kitangiri wapo wanaopasua mawe.
Wanachoma matairi juu ya jabali, wanamwaga maji,
jabali linalia pa! kisha nyundo, kisha kokoto, kisha debe.
Karibu kila jiwe lina ufa wake wa siri.
Alfajiri nilizisikia nyundo zao, kalamu bado mkononi,
mia nne na moja, mia nne na tisa,
sijaona ufa.

Usiku wa tano nikaitafutia pacha.
Kwetu Usukumani ukitaja Kulwa, Doto yuko karibu.
Milioni moja na moja: ikapasuka,
mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja.
Milioni moja na tano: hata mtoto anaiona ile tano.

Usiku wa saba, saa tisa, mia tisa tisini na saba.
Baki: kumi na mbili.
Nikafunga kalamu.

Neno hilo mama mkwe alilitema Magu, mbele ya wageni,
kama mwiba wa sato.
Lakini mwalimu, nani aliipa namba jina hili?
Izidishe kwa mbili, imezaa.
Kwa tatu, imezaa tena. Vigawe vyake
vinapanda ngazi isiyo na dari.
Ilichokosa ni wa kuizaa:
hakuna namba mbili zilizowahi kukutana zikaipata.
Mngeiita yatima, ningewaelewa.
Na hizo nyingine zote, zenye wajukuu na vilemba,
zivunje, endelea kuvunja,
chini kabisa utawakuta tasa watupu
wameshikilia nyumba.

Haya sikumwambia mama mkwe. Kadi imo bado
kati ya ndoo na madeni.

Jana giza lilirudi, na ziwa likawaka taa
kama mtaa uliohamia majini.
Asubuhi, ndoo mia mbili na kumi na moja.
Nahodha Mabula anataka mafungu sawasawa,
hataki baki, hataki ugomvi.
Haiwezekani, nikamwambia.
"Minza, hakuna njia kabisa?"
Zipo mbili, nikasema, nikipangusa magamba kwenye ukurasa:
ama mtu mmoja abebe zote,
ama utafute watu mia mbili na kumi na moja.